Manowari za Zanzibar: je, tuliwahi kuwa na jeshi letu la majini?

SWALI: Assalaam alaykum Maalim. Mimi ni mwanafunzi, kwetu ni Wete. Marehemu babu yangu alikuwa akitusimulia kwamba manowari ya Sultani ilizama mbele ya Forodhani na milingoti yake ikabaki juu ya maji miaka mingi. Kijana mmoja anayepeleka wageni kuzamia ameniambia meli iliyo chini pale ni ya Waingereza, na walioizamisha ni Wajerumani. Nani mkweli? Na je, Zanzibar iliwahi kuwa na jeshi lake la majini? KMKM, kikosi chetu cha kuzuia magendo, ndiyo mabaki yake?

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Babu yako, Mungu amrehemu, alisema kweli, na huyo kijana naye kasema kweli. Meli ni mbili. Ya kwanza ni Glasgow, manowari ya Sultani, iliyozamishwa na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Ya pili ni Pegasus, manowari ya Waingereza, iliyozamishwa na Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914. Zote zimezama katika bandari moja, zikipishana miaka 18, na watu wamekuwa wakizichanganya tangu zamani. Milingoti ya hadithi ya babu yako ni ya Glasgow.

Swali la pili ndilo zito. Zanzibar ilikuwa na manowari, na kuna wakati zilikuwa nyingi na za kutisha, lakini jeshi la majini haikuwa nalo. Jeshi la majini ni kile kinachobaki meli zikizama: skuli ya mabaharia, karakana, ghala la baruti, daftari la mishahara, maafisa wanaopanda vyeo kwa utaratibu. Meli za hapa zilikuwa mali ya Sultani mwenyewe, sawa na mashamba yake ya mikarafuu. Akifa zinagawiwa, tufani likija zinakwisha, na hakuna ofisi ya kuanzia upya.

Mwenye manowari khasa alikuwa Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Omani na pwani yetu hadi alipofariki mwaka 1856. Meli zake kubwa ziliundwa Bombay kwa mbao za msaji, mti usiooza upesi wala kuliwa na minyoo ya bahari zetu kama mbao za Ulaya. Iliyokuwa na jina zaidi ni Liverpool, iliyoshushwa majini Bombay mwaka 1826, yenye mizinga 74. Wakati ule hapakuwa na mtawala mwengine wa pwani hii mwenye chombo cha kuifikia. Mwaka 1828 alikwenda nayo Mombasa kuwatisha Mazrui, ukoo uliotawala mji ule.

Waliwahi kutishika, lakini hawakushindwa. Nataka utulie hapo, kwa sababu hapo ndipo panapoonesha manowari inaweza nini na haiwezi nini. Seyyid Said aliingia Mombasa kwa mapatano, akaweka askari wake ndani ya Ngome ya Yesu, akaondoka. Meli zilipokwisha kutoweka machoni, Mazrui wakawazingira wale askari kwa njaa mpaka wakatoka. Akarudi mwaka 1829, akarudi tena 1833, na mara zote mbili mizinga ya baharini haikumpa mji. Mombasa aliipata mwaka 1837, baada ya Mazrui wenyewe kugombana juu ya nani atawale. Meli inapiga ukuta na kuzuia chakula. Kuukalia mji ni kazi ya watu walioshuka pwani wakakubalika, au wakawa wengi kupita wenyeji.

Kwenu Pemba kazi hiyo ilikuwa nyepesi zaidi. Kisiwa kilitoka mikononi mwa Mazrui mwaka 1823, na sababu kubwa ni kwamba Wapemba wengi walikwisha wachoka Mazrui na wakaomba msaada wa Maskati. Walioshuka walipokelewa na watu waliowangoja.

Siyu ilikuwa kinyume chake. Katikati ya miaka ya 1840 Seyyid Said alipeleka askari kisiwa cha Pate kumtia adabu Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siyu. Siyu haiko mbele ya bahari kuu. Unaifikia kwa mkondo mwembamba unaopita katikati ya mikoko, na maji yakitoka unabaki tope. Manowari haina njia ya kuingia humo. Askari walishushwa mbali, wakatembea nchi wasiyoijua, wakavamiwa, na amiri wao Hammad bin Ahmed akauawa. Mizinga yote ya Bombay ilibaki huko nje ikitazama. Wanaosoma vita vya kushusha askari pwani hupenda kutaja mifano ya Ulaya. Mimi naona Siyu ingetosha kufundishia, maana kosa lake lilirudiwa Tanga Novemba 1914, pale Waingereza walipomwaga maelfu ya askari kutoka India na kurudishwa melini kwa aibu na jeshi dogo la Wajerumani na askari wao weusi.

Basi kwa nini Seyyid Said aligharimia meli hizo? Biashara. Manowari zake zilikuwa zikibeba shehena pale zisipokuwa vitani, na vita vilikuwa vya msimu. Mfano mzuri ni Sultana, iliyoundwa Bombay mwaka 1833. Ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840 chini ya Ahmad bin Naaman, ikiwa na tende, kahawa ya Mokha, mazulia ya Kiajemi, pembe za ndovu, karafuu na ngozi, pamoja na farasi wawili wa kumtunuku Rais Van Buren. Wamarekani waliipeleka Sultana kwenye karakana ya jeshi lao la majini wakaitengeneza, na Ahmad bin Naaman wakamchora picha. Baharia wake walikuwa mchanganyiko wa Waarabu, Wahindi na watu wa pwani hii, wakiwamo watumwa, na mwongoza njia alikuwa Mwingereza. Hicho ni chombo cha tajiri mwenye mizinga. Tofauti na jeshi unaiona mwenyewe.

Liverpool nayo haikudumu kwetu. Mwaka 1836 Seyyid Said alimzawadia Mfalme William IV wa Uingereza. Wakaibadilisha jina ikawa Imaum, na ikaishia Jamaika imefungwa bandarini. Yeye akapewa jahazi la anasa liitwalo Prince Regent, ambalo hakulipenda na akaligawa kwa mkuu wa Waingereza huko India. Vitabu vingi husimulia jambo hili kama ukarimu. Ukarimu ulikuwepo, lakini naona na hesabu pia ilikuwemo: meli ya mizinga 74 inataka mamia ya watu wa kulishwa kila siku, nayo Siyu haifiki na Mombasa haiitwai. Ukimpa rafiki mwenye nguvu unapunguza gharama na unanunua urafiki kwa wakati mmoja.

Alifariki tarehe 19 Oktoba 1856 baharini, karibu na Shelisheli, akiwa ndani ya manowari yake nyengine, Victoria. Mwanawe Barghash alikuwa naye safarini, na meli ilipofika Unguja alishuka kimyakimya akijaribu kuuwahi utawala kabla ya ndugu yake Majid. Hakufanikiwa. Alijaribu tena mwaka 1859, na safari hiyo waliomvunja nguvu walikuwa mabaharia wa Kiingereza walioshushwa na mzinga wao wakaenda hadi shamba la Marseilles alikojizatiti. Akapelekwa Bombay uhamishoni. Uyakumbuke hayo tukifika 1896, kwa sababu ukoo ni mmoja.

Mwaka 1861 Zanzibar na Omani zilitenganishwa kwa uamuzi wa Waingereza. Urithi wa meli ulikwisha gawanyika kati ya ndugu, na kilichobaki Unguja kilizidi kuchakaa. Kisha Aprili 1872 likaja tufani ambalo wazee wa Unguja walilihesabia miaka. Karibu kila chombo kilichokuwa bandarini kilivunjika au kilitupwa pwani, zikiwemo meli za Seyyid Barghash, ambaye sasa ndiye alikuwa Sultani. Mikarafuu ya Unguja nayo iling'oka. Pemba iliponea zaidi, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba kuliko Unguja. Kwa hiyo tufani lililoua meli za Sultani ndilo lililowatajirisha watu wa kwenu, au angalau waliokuwa na mashamba.

Barghash akaagiza meli mpya kwa William Denny na ndugu zake, mafundi wa Dumbarton huko Scotland. Ilishushwa majini mwaka 1878, ikaitwa Glasgow, kwa kufuata sura na jina la manowari ya Kiingereza iliyowahi kutembelea Unguja. Mifupa yake ilikuwa chuma na ngozi yake mbao za msaji, tani 1,416, gharama zaidi ya pauni 32,000. Silaha zake zilikuwa mizinga saba midogo, ya kushindiliwa kwa mdomo, na bunduki moja ya Gatling ya mitutu tisa. Mwaka 1878 mizinga ya namna hiyo ilikuwa ikipitwa na wakati. Barghash mwenyewe hakuridhika na meli, nayo ikakaa nangani mbele ya kasri mwaka baada ya mwaka, ikipepea bendera nyekundu.

Ilikuwapo pale Agosti 1885 manowari tano za Kijerumani zilipojipanga mbele ya mji na kumlazimisha Barghash akubali kwamba Usagara na nchi jirani za bara zimetwaliwa. Hakuna mzinga uliopigwa. Hakukuwa na haja.

Kwa upande wa Pemba, chombo kilichojulikana zaidi miaka hiyo hakikuwa cha Sultani. Waingereza walikuwa na London, merikebu kongwe ya mbao waliyoiweka nangani Unguja tangu 1874 kuwa kituo cha kuzuia biashara ya watumwa. Merikebu yenyewe haikwenda popote. Waliokwenda ni mashua zake: baharia wachache, afisa kijana na mkalimani, wanaachwa huko Pemba kwa majuma, wakilala chomboni, wakinyeshewa na kuugua homa, wakisimamisha majahazi katika milango ya visiwa na vichochoro vya mikoko. Tarehe 3 Disemba 1881 nahodha wao, Charles Brownrigg, alisogelea jahazi lililopandisha bendera ya Ufaransa ili atazame hati zake tu. Watu wa jahazi, wakiongozwa na Hindi bin Khatim, wakamrukia na kumuua pamoja na baadhi ya wenzake. Amezikwa Chapwani, kisiwa tunachokiita cha Makaburi.

Aliyekwenda Pemba kumsaka Hindi bin Khatim ni Lloyd Mathews. Huyu alikuwa luteni wa majini kutoka merikebu hiyo ya London, na mwaka 1877 Barghash alimchukua amtengenezee jeshi la kisasa. Utaona ajabu yake: Sultani wa visiwa anapata afisa wa majini, naye anamuundia jeshi la nchi kavu. Meli ziliachwa vilevile. Nadhani Waingereza walilifurahia hilo, kwa sababu Sultani mwenye askari anaweza kulinda misafara na kodi, lakini Sultani mwenye manowari nzuri anaweza kumkatalia balozi.

Sasa 1896. Tarehe 25 Agosti Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Akakusanya watu karibu 2,800, wengi wao raia waliopewa bunduki siku hiyohiyo, na nje bandarini Glasgow ikawa upande wake. Waingereza walikuwa na manowari tano: Philomel, Thrush, Sparrow, Racoon, na St George ya Admirali Harry Rawson. Wakampa Khalid muda hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27. Saa 3 na dakika 2 wakafyatua.

Kasri lilikuwa la mawe ya chokaa na boriti za mikoko, ukingoni mwa maji, halina ukuta wa kuzuia kombora. Dakika za mwanzo zilimaliza mizinga ya ufukweni. Baada ya hapo Glasgow ikafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: ikaipiga St George, meli iliyoizidi kwa kila kipimo, kwa mizinga yake midogo. Ikajibiwa, na makombora yakatoboa chini ya mstari wa maji. Mabaharia wake wakapandisha bendera ya Kiingereza kuonesha wamesalimu, na boti za Waingereza zikaja kuwaokoa. Meli ikakaa chini taratibu. Kina hapo ni kidogo, ndiyo maana milingoti mitatu na ncha ya dohani vilibaki nje.

Kwenye saa 3 na dakika 40 bendera ya kasri ilianguka na mizinga ikanyamaza. Wanahesabu waliouawa na kujeruhiwa upande wa Khalid kuwa karibu 500. Upande wa manowari alijeruhiwa mmoja. Wageni hupenda kuchekea vita hivi kwa ufupi wake. Ukigawa watu hao kwa dakika hizo, kicheko kinakukauka. Na usisahau kwamba upande wa Waingereza nchi kavu kulikuwa na mabaharia na askari wao wa majini 150 tu. Waliobaki, karibu 900, walikuwa Wazanzibari wa jeshi la Mathews. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, akakaa humo mpaka tarehe 2 Oktoba, siku ya bamvua, maji yalipojaa hadi bustanini na mashua ya manowari Seeadler ikamchukua bila mguu wake kukanyaga ardhi ya Zanzibar. Hapo Wajerumani walitumia maji makuu kama hoja ya kisheria.

Gofu la Glasgow lilibaki likionekana hadi 1912, lilipokatwakatwa na sehemu kubwa kutupwa bahari ya mbali. Bado kuna vipande chini. Baada yake hakuna Sultani aliyekuwa na manowari. Walikuwa na stima za abiria na za kifahari.

Miaka miwili baada ya Glasgow kusafishwa, ikaja zamu ya Pegasus. Ilikuwa manowari ya mwaka 1897, imechoka, na Septemba 1914 iliingia Unguja kutengeneza mitambo. Alfajiri ya Jumapili tarehe 20, kama saa 11 na dakika 25, ikatokea Königsberg ya Kijerumani chini ya Max Looff. Königsberg ilikuwa na mizinga kumi yenye masafa marefu zaidi. Pegasus ilikuwa nangani, moto wa mitambo umezimwa, makombora yake hayafiki. Dakika chache tu mizinga yake ikanyamaza. Walifariki 38, wengine 55 wakajeruhiwa, na meli ikazama baadaye siku hiyo. Königsberg ilipokuwa ikiondoka ilitupa mapipa yenye mchanga ili watu wadhani ni mabomu ya baharini. Wengi wa waliokufa wako Chapwani, jirani na Brownrigg.

Königsberg nayo iliharibika mtambo, ikajificha Rufiji, na ikamalizwa tarehe 11 Julai 1915 na meli mbili za maji madogo, Severn na Mersey, zikielekezwa na ndege. Ukipata safari ya Mombasa, nenda Ngome ya Yesu: uko mzinga wa Pegasus na wa Königsberg, imewekwa pamoja.

Miaka ya 1950 kulikuwa na jeshi dogo la majini la Afrika Mashariki, makao Mombasa, lililochangiwa na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilivunjwa 1962. Kwa hiyo usiku wa Mapinduzi, Januari 1964, serikali ya Zanzibar haikuwa na manowari hata moja. Mambo yaliamuliwa kwenye maghala ya silaha ya polisi, Ziwani na Mtoni, na Jamshid akaondoka na stima yake Seyyid Khalifa. Manowari za Kiingereza zilikuwa baharini na mipango ya kushuka ilikuwepo, lakini hawakushuka Unguja. Walishuka Dar es Salaam tarehe 25 Januari, makomando wa majini kutoka meli Centaur, kuzima maasi ya askari wa kambi ya Colito kwa ombi la Nyerere.

Sasa KMKM. Hapana, si mabaki ya jeshi la Sultani, na kwa sheria si jeshi la majini pia. Tangu Muungano wa Aprili 1964 ulinzi ni jambo la Muungano, na Kamandi ya Wanamaji ya JWTZ, jeshi la Tanzania, ina makao yake Kigamboni, kambi iliyojengwa kwa msaada wa China. Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, yaani KMKM, ni idara maalum ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, imetajwa ndani ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 pamoja na JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) na Chuo cha Mafunzo. Watu wa Wete mnaijua kazi yake kuliko mimi: karafuu kuvushwa usiku kwenda Kenya bei ikiwa nzuri huko kuliko hapa. Makao yake Kibweni, mkuu wake huitwa Komodoo, na ina boti na wazamiaji, ambao walihitajika sana Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi Septemba 2011 na Skagit ilipozama karibu na Chumbe Julai 2012.

Kama unatafuta mfano wa karibu wa kushusha askari pwani, usiutafute kwa KMKM. Chukua Anjouan, Visiwa vya Komoro, tarehe 25 Machi 2008: askari wa Umoja wa Afrika, JWTZ wakiwa mbele, walishuka pamoja na jeshi la Komoro na kumuondoa Mohamed Bacar, aliyekimbilia Mayotte. Kilinganishe na Siyu, ukianza na swali la nani kati ya wenyeji aliyekuwa akiwangoja ufukweni.